Siri ya kasi ya trauti wa Mlima Kenya imo mgongoni

MITO inayoteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare ni mito yenye haraka. Gura, Chania, Thego, Ragati, Naro Moru na Burguret yote hushuka kwa kishindo juu ya mawe, na mtu akiingia humo bila tahadhari huweza kuangushwa na maji yasiyofika magotini. Hata hivyo, samaki aina ya trauti humudu kukaa katikati ya mkondo huo kwa muda mrefu, kichwa kikielekea juu mtoni na mkia ukipunga polepole, kana kwamba maji yamesimama. Kivuli cha mtu kikiangukia maji, samaki huyo huyo hutoweka kabla jicho halijatambua alikoelekea.

Mwili ni ule ule na mkia ni ule ule. Swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu ni jinsi mnyama anavyoweza kubadilisha kasi namna hiyo. Jibu lililodhaniwa kuwa dhahiri ni kwamba neva zinazoendesha mkia hufanya kazi ile ile kwa bidii zaidi, mithili ya dereva anayekanyaga mafuta. Utafiti uliochapishwa tangu mwaka wa 2007 umeonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Ndani ya mgongo wa samaki mna vikosi kadhaa vya seli za neva, kila kimoja kikiwa na kasi yake. Samaki anapoongeza mwendo, kikosi kipya huitwa kazini, na wakati mwingine kile kilichokuwa kikifanya kazi hunyamazishwa kabisa.

Trauti si mwenyeji wa mito hii. Trauti wa kahawia aliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905, katika juhudi za mlowezi Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini, alifuata miaka michache baadaye. Wakoloni waliwataka samaki hao kwa ajili ya mchezo wa ndoano, si kwa chakula cha wananchi, na kituo cha kuzalisha vifaranga kilijengwa Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, ili mito isikaukiwe na samaki. Kituo cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka wa 1948 katika nyanda za chini zaidi za Kirinyaga, kilishughulikia tilapia na kambare. Mgawanyo huo haukuwa wa bahati nasibu. Trauti huhitaji maji baridi yenye oksijeni nyingi, na sababu mojawapo ni namna anavyoogelea.

Mmoja wa watu wa kwanza kupima uogeleaji huo kwa makini alikuwa Richard Bainbridge wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alitengeneza hodhi la mviringo linalozunguka, ili samaki aogelee kwa nguvu zake zote huku akibaki mahali pamoja mbele ya kamera. Mwaka wa 1958 alichapisha matokeo ya aina tatu za samaki, trauti akiwa mmojawapo. Aligundua kwamba ukijua urefu wa samaki na idadi ya mapigo ya mkia kwa sekunde, waweza kukisia kasi yake bila kuhitaji jambo jingine. Kwa hesabu yake, samaki wa sentimita 30 anayepiga mkia mara 10 kwa sekunde husafiri karibu mita mbili katika sekunde hiyo moja. Katika kasi kubwa upana wa pigo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni idadi ya mapigo.

Kwa hivyo swali la kasi ni swali la mdundo. Nani anayehesabu?

Kabla ya kufika kwa mpigaji ngoma, inafaa kutazama wachezaji, yaani misuli. Yeyote aliyewahi kumkata samaki vipande vya mviringo kwa ajili ya kukaanga ameuona ukanda mwembamba wa nyama nyeusi nyeusi chini ya ngozi, katikati ya ubavu. Huo ndio msuli mwekundu, ulio na damu nyingi, unaotumia oksijeni na mafuta na unaoweza kufanya kazi mchana kutwa bila kuchoka. Nyama iliyosalia, ambayo ni sehemu kubwa zaidi, ni msuli mweupe. Huu una nguvu nyingi, lakini hutegemea sukari iliyohifadhiwa ndani yake na huweza kufanya kazi bila oksijeni kwa muda mfupi tu. Ukitumika kwa dakika chache hujaa asidi, na samaki huhitaji saa kadhaa kurejea katika hali yake. Kati ya misuli hiyo miwili kuna tabaka jembamba la msuli wa wastani. (Rangi ya waridi inayoonekana katika nyama ya trauti anayeuzwa hotelini ni jambo tofauti kabisa, hiyo hutokana na chakula alichokula.)

Kila aina ya msuli ina seli zake za neva zinazouamuru kujikunja. Seli hizo, ambazo hapa zitaitwa seli tendeshi, zimo ndani ya ugwe wa mgongo, ule mkanda laini wa neva unaopita katikati ya mifupa ya uti wa mgongo. Lakini seli tendeshi ni watekelezaji tu. Mdundo wenyewe hutungwa na seli nyingine zilizo jirani nazo, ambazo hazigusi msuli wowote bali huzungumza na neva wenzake. Hizo ndizo seli za kati.

Kwamba mgongo unaweza kutunga mdundo pasipo kusubiri kuamriwa kila hatua ni jambo lililojulikana mapema. Mwaka wa 1911, Mwingereza Thomas Graham Brown alionyesha kwamba ugwe wa mgongo wa paka uliotenganishwa na ubongo, na ambao haupokei habari yoyote kutoka miguuni, bado huweza kutoa mpangilio wa kutembea. Baadaye Sten Grillner wa Taasisi ya Karolinska, mjini Stockholm, Uswidi, alitumia miongo mingi kumchunguza lamprei, kiumbe wa majini asiye na taya mwenye umbo la mkunga. Ugwe wa lamprei ukitolewa mwilini na kuwekwa katika maji yenye chumvi na kemikali ya kuuamsha, huendelea kuogelea, ingawa hakuna mwili wala maji ya mto. Ishara hupokezana kati ya upande wa kulia na wa kushoto, kila upande ukiunyamazisha mwenzake kwa zamu, na wimbi husafiri kutoka kichwani kuelekea mkiani. Kwa kazi hiyo Grillner alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Kavli ya taaluma ya ubongo mwaka wa 2008, mwaka ambao tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza.

Ubongo nao haukai bure. Mwaka wa 1966, watafiti Shik, Severin na Orlovsky wa Moscow waligundua sehemu ndogo ya ubongo wa kati wa paka ambayo, ikitiwa umeme hafifu, humfanya mnyama atembee. Umeme ukiongezwa, hukimbia. Sehemu ya namna hiyo imepatikana kwa samaki pia. Yaani amri inayoshuka kutoka kichwani ni sahili mno, mfano wa kusema "zaidi" au "pungua". Kazi ya kuigeuza amri hiyo kuwa mapigo ya mkia hufanyiwa mgongoni.

Lililobaki kuwa fumbo ni jinsi mgongo unavyolitekeleza neno "zaidi". Ufumbuzi haukutoka kwa trauti, aliye mkubwa na asiyeonekana ndani. Ulitoka kwa kisamaki wa milia kutoka vijito vya India na nchi jirani, ambaye wengi humfuga katika vioo vya mapambo nyumbani na ambaye wanasayansi humwita zebrafishi. Kifaranga wake ana urefu wa milimita nne hivi na mwili wake hupitisha mwanga kama kioo. Mtafiti anaweza kumweka chini ya hadubini akiwa hai, akazitazama seli za mgongo wake zikifanya kazi moja baada ya nyingine. Kifaranga huyo hupiga mkia kuanzia mara 20 hivi hadi karibu mara 100 kwa sekunde, kiwango ambacho trauti mkubwa hawezi kukikaribia.

Mwaka wa 2007, David McLean, Joseph Fetcho na wenzao waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza kwamba seli za mgongo wa kifaranga huyo zimepangwa kama ngazi. Anapoogelea polepole, seli tendeshi zinazofanya kazi ni zile zilizo upande wa chini wa ugwe, karibu na tumbo. Kadiri anavyoongeza kasi, ndivyo seli za juu zaidi, karibu na mgongo, zinavyoingia kazini. Seli za kati zinazowasha misuli nazo hufuata ngazi hiyo hiyo. Mtu angeweza, kwa kutazama urefu wa mahali seli ilipo, kukisia ni kwa kasi gani itaanza kuwaka.

Mwaka uliofuata McLean na wenzake waliona jambo la ajabu zaidi. Seli tendeshi za polepole huendelea kufanya kazi hata samaki anapokimbia. Zile za kasi huongezeka juu yake. Lakini si hivyo kwa seli za kati. Baadhi ya zile zinazoendesha mwendo wa polepole huzimwa mara tu samaki anapopita kiwango fulani cha kasi. Hazichoki wala hazijisahau, bali hunyamazishwa na neva nyingine.

Hapa ndipo mfano wa dereva unapofaa kurekebishwa. Dereva wa matatu anayepanda kutoka Kiganjo kuelekea Naro Moru hategemei mafuta peke yake. Anajua kwamba kila gia ina mwendo wake, na kwamba injini ikilazimishwa kwa gia isiyofaa hulalamika. Ili aingie gia moja, sharti atoke katika nyingine. Mgongo wa kifaranga unafanana na hali hiyo, isipokuwa hauhitaji klachi, na hubadilisha gia ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde.

Nani anayezitoa gia za polepole? Mwaka wa 2019, Yukiko Kimura na Shin-ichi Higashijima wa Japani walionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na kundi la seli zinazozuia, liitwalo V1. Samaki anapoogelea kwa kasi, seli hizo huzikandamiza zile za mwendo wa polepole. Wakati V1 zilipoondolewa, samaki hakuweza tena kufikia kasi yake ya kawaida. Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa, kwa sababu yanapingana na mazoea ya fikra: kilichompunguzia samaki mbio hakikuwa upungufu wa nguvu, bali kukosekana kwa kizuizi.

Picha iliyo wazi zaidi ilipatikana kwa zebrafishi aliyekomaa. Mwaka wa 2014, Konstantinos Ampatzis, Abdeljabbar El Manira na wenzao wa Karolinska walieleza kwamba seli za kati zinazowasha misuli, ziitwazo V2a, zimegawanyika katika makundi matatu: ya polepole, ya wastani na ya kasi. Kila kundi huzungumza hasa na seli tendeshi za aina yake, nazo huongoza msuli wa aina yake. Ni kama mashine tatu zilizofungwa ndani ya mgongo mmoja, zikiwashwa moja baada ya nyingine mwendo unavyozidi. Msuli mwekundu una mashine yake, na mweupe una yake. Ule ukanda mweusi katika kipande cha samaki una ofisi yake huko mgongoni.

Jambo moja zaidi kuhusu vifaranga linafaa kutajwa. Seli za kasi ndizo zinazoumbwa kwanza, na za polepole hufuata. Samaki hujifunza kutoroka kabla ya kujifunza kutembea. Kwa kiumbe anayeangua akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, na ambaye kila mwenye mdomo ni adui, mpangilio huo hauhitaji maelezo mengi.

Na kutoroka kwenyewe kuna njia yake ya mkato. Katika ubongo wa nyuma wa samaki mna seli mbili kubwa kupita kiasi, moja kulia na nyingine kushoto, zinazoitwa kwa jina la Ludwig Mauthner aliyezieleza mwaka wa 1859. Mtikisiko au sauti ya ghafla ikitokea upande mmoja, seli ya upande huo hutuma ishara moja tu, na misuli yote ya upande wa pili hujikunja kwa pamoja. Samaki hujipinda kama herufi C kisha hujifyatua. Mvuvi wa ndoano anayekanyaga ukingo wa mto kwa kishindo huwa ameziamsha seli hizo mbili, na hana budi kutafuta kidimbwi kingine.

Elimu hii haikomei maabara, kwani trauti huishi kwa kubana matumizi ya gia zake. Mwaka wa 2003, James Liao na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa trauti wa upinde wa mvua aliyewekwa nyuma ya nguzo ndani ya maji yanayokwenda kasi. Nyuma ya kizuizi chochote, maji hutengeneza vizingia vinavyopokezana kulia na kushoto. Trauti alijipitisha kati ya vizingia hivyo, akiinamisha mwili wake kufuatana navyo, na misuli iliyotumika ilikuwa ya sehemu ya mbele ya mwili tu, iliyosalia ilipumzika. Mwaka wa 2006 ilidhihirika kwamba hata trauti aliyekufa, akiwekwa mahali panapofaa nyuma ya kizuizi, huweza kusukumwa kwenda mbele dhidi ya mkondo. Kwa maneno mengine, mawe yale yanayoifanya mito ya Nyeri ipige kelele ndiyo yanayowapa samaki mahali pa kupumzikia.

Maji yakipungua, hesabu hiyo huvurugika. Katika mito inayoelekea Nanyuki na nyanda za Laikipia, kama vile Naro Moru na Burguret, sehemu kubwa ya maji huchukuliwa kwa umwagiliaji msimu wa kiangazi. Mto uliopungua hupata joto upesi, na maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Msuli mwekundu, unaotegemea oksijeni, hauwezi tena kuhimili mwendo ule uliokuwa rahisi wakati wa baridi, na samaki hulazimika kuwasha mashine ya msuli mweupe mapema zaidi. Hiyo ni akiba ya dakika chache.

Wanaofuga trauti katika mabwawa ya maji yanayopita, kama inavyofanywa Kiganjo na kando ya mto Burguret, nao wana sababu ya kuzingatia gia hizi. Uchunguzi wa samaki wa jamii ya trauti na samoni umeonyesha kwamba mkondo wa wastani, unaomfanya samaki aogelee takriban urefu wa mwili wake kila sekunde, mara nyingi humsaidia kukua vyema na hupunguza ugomvi bwawani. Kinyume chake, kuwakimbiza kwa wavu huku na huku kabla ya kuwahamisha huwatumia msuli mweupe wote. Vifaranga wanaopakiwa baada ya purukushani hiyo huingia safarini wakiwa wamechoka, katika chombo chenye maji machache, huku wakidai oksijeni kuliko kawaida.

Lakini watu wanaofuatilia seli za V2a kwa hamu kubwa zaidi hawana bwawa wala ndoano. Mpangilio wa msingi wa mgongo wa samaki umerithiwa na wanyama wa nchi kavu, na seli za familia hiyo zimo katika mgongo wa panya na wa binadamu. Panya walionyimwa V2a huweza kutembea taratibu, ila wanapokimbia miguu ya kulia na kushoto huacha kupokezana na huanza kurukaruka pamoja. Mwaka wa 2022, kundi la watafiti wa Lausanne, Uswisi, likiongozwa na Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch, lilieleza habari za watu tisa waliopooza baada ya kuumia ugwe wa mgongo, ambao waliweza kutembea tena au kutembea vizuri zaidi kwa msaada wa umeme uliopitishwa juu ya ugwe huo pamoja na mazoezi. Walipochunguza panya waliofanyiwa matibabu ya namna hiyo, walikuta kwamba kupona kulitegemea kundi moja la seli lenye alama ya kijeni iitwayo Vsx2, alama ile ile inayozitambulisha V2a. Seli hizo zilipozimwa, panya waliopata nafuu walipooza tena. Panya wazima hawakutatizika kutembea.

Matibabu hayo bado ni ya majaribio na ya gharama kubwa. Kwa mkazi wa Karatina, Chuka au Nanyuki anayevunjika mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya mti au katika ajali ya bodaboda, njia ya kawaida ni kupelekwa katika hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi. Huko hutunzwa asipate vidonda vya kulalia, na hufunzwa kuishi na kiti cha magurudumu. Neva zilizokatika za binadamu hazijiungi tena zenyewe.

Za zebrafishi hujiunga. Ugwe wake ukikatwa kabisa, hulala chini ya hodhi akiburura mkia, na baada ya majuma sita hadi manane huwa anaogelea tena. Seli zinazouzunguka mfereji wa katikati ya ugwe huzaa nyingine mpya, nyuzi za neva huvuka pengo, na kovu linaloziba njia kwa binadamu halijengeki kwake kwa namna hiyo. Maabara kadhaa duniani sasa zinachunguza jinsi V2a zinavyorudi kazini baada ya jeraha kama hilo, na ni gia ipi inayorejea kwanza.